Askari Aliyekataa Kuwa Kuni: Atriox wa Halo Wars 2 na Woga wa Wahakiki Wetu

Utangulizi

Uhakiki wetu una maradhi mawili ambayo yamezoeleka kiasi cha kudhaniwa kuwa siha. Maradhi ya kwanza ni kumwogopa mhusika mwovu. Mhakiki akishamtambua mwovu katika kazi ya sanaa, humbandika jina hilo, humpangia sifa tatu au nne, kwamba ni katili, ni mlafi wa madaraka, ni mjanja, kisha humwacha papo hapo na kumgeukia nguli, ambaye ndiye anayedhaniwa kustahiki fikira zake. Wanafunzi tunaowapokea kutoka shule za upili wamefunzwa kuhakiki hivyo, nasi badala ya kuwaonyesha njia nyingine, twawatunuku alama. Maradhi ya pili ni kuamua, kabla ya kusoma, ni kazi zipi zinazostahili kusomwa. Mtu akithubutu kuutaja mchezo wa kompyuta katika semina ya idara, huchekwa kwanza, kisha huulizwa kama amekosa riwaya za kuhakiki.

Makala haya yanayakabili maradhi yote mawili kwa pamoja kwa kumchunguza mhusika mmoja, naye ni Atriox, kamanda wa viumbe wa sayari nyingine katika mchezo uitwao Halo Wars 2, uliotolewa Februari 2017. Hoja yangu ni kwamba Atriox hakufanywa mwovu kwa sababu ya ukatili wake, kwa maana ukatili katika hadithi hiyo umetapakaa pande zote. Amefanywa mwovu kwa sababu yeye ndiye askari aliyekataa kufa kwa amri. Na mchezo wenyewe, kwa umbo lake na wala si kwa maneno yake tu, hauna nafasi ya kuukubali ukataaji huo. Mhakiki anayeishia kumwita Atriox katili hajahakiki chochote. Amerudia tu aliloambiwa na watunzi.

Je, huu si mchezo tu?

Tuanze na wale wanaodai kwamba kazi za aina hii haziihusu idara ya fasihi. Wenzetu hawa wamesahau historia ya idara zetu wenyewe. Mnamo 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe katika chuo cha Nairobi, na mahali pake pawe na masomo yatakayoiweka fasihi ya Afrika katikati, ikiwamo fasihi simulizi. Wakati huo walikuwapo wasomi waliokuwa na yakini kwamba ngano, nyimbo na vitendawili ni burudani ya vijijini isiyo na la kumfundisha msomi wa chuo kikuu. Leo hakuna anayethubutu kulitamka hilo hadharani. Lakini hoja ile ile iliyotumiwa dhidi ya fasihi simulizi ndiyo inayotumiwa sasa dhidi ya mchezo wa kompyuta: kwamba haina kitabu, kwamba ni ya kujifurahisha, kwamba hadhira inaingilia kati. Ikiwa hoja hiyo ilikuwa mbovu mwaka 1968, ubovu wake haujatengenezwa na kupita kwa miaka.

Halo Wars 2 ina msuko, ina wahusika wenye nafsi, ina mazungumzo yaliyoandikwa na kuigizwa, na ina maonyesho ya masimulizi yanayotenganisha pigano moja na jingine. Ni kweli kwamba mchezaji hushiriki. Lakini ushiriki huo una mipaka iliyowekwa na watunzi, na katika kuichunguza mipaka hiyo, yaani nini mchezaji anaruhusiwa kutenda na nini hawezi kutenda hata akitaka, ndimo mhakiki atakapoikuta itikadi ya kazi yenyewe. Vijana tunaowafundisha wanazipitisha saa nyingi katika ulimwengu wa namna hii. Kuwaambia kwamba huko hakuna la kuhakikiwa ni kuwaacha wameze kila wanacholishwa.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo wa mikakati, inatosha kusema hivi. Mchezaji hashiki bunduki wala hamwongozi mtu mmoja. Huutazama uwanja wa vita kutoka juu kama mwewe. Hujenga kambi, hukusanya mali, huitumia mali hiyo kuzalisha askari na magari, kisha huwatuma askari hao wakapigane. Kila askari ana bei. Akifa, mchezaji hulipa bei hiyo tena na mwingine huchukua mahali pake. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili la bei, kwani tutalirudia.

Atriox ni nani?

Mfululizo wa Halo ulianza mwaka 2001, ukiwa umetungwa na kampuni ya Bungie ya Marekani. Katika ulimwengu wake wa kubuni, wanadamu wa karne ya ishirini na sita wamevamiwa na muungano wa kidini wa viumbe mbalimbali unaoitwa Covenant, ambao hapa nitauita Agano. Juu kabisa ya Agano wameketi manabii wa jamii ya San'Shyuum. Wanawahubiria wafuasi wao kwamba kuna pete kubwa za anga zilizoachwa na ustaarabu wa kale, na kwamba siku zitakapowashwa, waumini watavushwa kwenda kwenye utukufu. Ukweli ni kwamba pete hizo ni silaha za kuangamiza kila kiumbe chenye akili. Kwa hiyo majeshi ya Agano yalikuwa yakifa kwa ajili ya uongo.

Chini ya manabii kuna ngazi. Sangheili ndio maafisa na mabwana wa vita. Jiralhanae, viumbe wakubwa wenye nguvu nyingi, wamewekwa chini yao. Unggoy, ambao ni wadogo na dhaifu, wapo chini kabisa. Atriox ni Mjiralhanae. Tunasimuliwa kwamba yeye na ndugu zake wa ukoo walitumwa tena na tena mbele ya mizinga ya wanadamu, kwa sababu damu yao ilikuwa rahisi kuliko ya wengine. Walitumwa wengi, akarudi yeye peke yake. Wakatumwa wengine, akarudi tena yeye peke yake. Ndugu zake walikuwa kuni, na vita vya mabwana vilikuwa moto. Kule kurudi kwake hai kukawa kero kwa waliomtuma, na hatimaye akahukumiwa kufa. Alipofikishwa mbele ya mnyongaji, alikataa. Alimuua mnyongaji yule, na Jiralhanae wengine walioshuhudia wakamfuata. Ndivyo lilivyozaliwa jeshi liitwalo The Banished, ambalo nitaliita Waliofukuzwa.

Waliofukuzwa hawana dini ya kulazimisha. Hupigania mali, silaha na uhuru wa kutotumwa na mtu. Wala si jeshi la kabila moja: miongoni mwa makamanda wa Atriox yumo Let 'Volir, ambaye ni Sangheili, yaani anatoka katika jamii ile ile ya waliokuwa mabwana. Hilo si jambo dogo. Mtu aliyeonewa kwa sababu ya ukoo wake ameunda jeshi ambalo mlango wake haukufungwa kwa sababu ya ukoo.

Mchezo wenyewe, uliotungwa na 343 Industries ya Marekani kwa ushirikiano na Creative Assembly ya Uingereza, unaanza mwaka wa kubuni 2559. Meli ya wanadamu iitwayo Spirit of Fire, iliyopotea angani kwa miaka 28, inazinduka na kujikuta katika Ark, chombo kikubwa cha watu wa kale ambacho Waliofukuzwa wameshakiteka. Mapema kabisa Atriox anawakabili askari watatu wa kikosi cha Spartan, wanaodhaniwa kuwa hawashindiki, akawashinda peke yake. Kuanzia hapo, katika sura kumi na mbili za masimulizi, kazi ya mchezaji ni moja tu: kuwaongoza wanadamu dhidi yake.

Kinywa cha nani?

Swali la kwanza ambalo mhakiki hana budi kuliuliza ni la usimulizi. Haya yote tunayoyajua kuhusu mateso ya Atriox, nani ametusimulia? Si Atriox. Msimulizi ni Isabel, akili bandia iliyokuwa ikihudumia kituo cha utafiti cha wanadamu huko Ark, kituo ambacho watu wake waliuawa na Waliofukuzwa. Anamsimulia Kapteni Cutter habari za adui huku akitetemeka. Ana haki ya kutetemeka, na ushahidi wake si wa kupuuzwa. Lakini tuone matokeo yake kifani. Historia ya mtu aliyetumwa kufa na akakataa inatufikia ikiwa imekwisha kupitia katika hofu ya adui yake. Machungu yake yanageuka maelezo ya kijasusi: hivi ndivyo alivyo, kwa hiyo jihadharini naye. Atriox mwenyewe husema katika mchezo, lakini maneno yake mengi ni ya kutisha, ya kuamuru na ya kupimana nguvu na Cutter. Mlango wa kuingilia katika maisha yake ya nyuma umeshikiliwa na mwingine.

Tulinganishe na kazi ambazo zimo katika rafu zetu. Shylock, katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alidhalilishwa, akanyang'anywa mali na kulazimishwa kubadili dini. Tamthilia ile haikumtendea haki. Hata hivyo alipewa jukwaa, akajisemea mwenyewe mbele ya hadhira, na kwa karne nne sasa hadhira imeshindwa kuyasahau aliyoyasema. Katika tamthilia ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo inayojulikana kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi, mshtakiwa anasimama kizimbani na sauti yake ndiyo inayoitawala mahakama. Atriox hakupata kizimba wala jukwaa. Alipata faili iliyosomwa na adui.

Majina nayo yamefanya kazi yake. Askari wa wanadamu hawawaiti Jiralhanae kwa jina lao. Wanawaita Brutes, yaani mahayawani. Sangheili, waliokuwa mabwana, wameitwa kwa neno lenye maana ya wateule. Unggoy wameitwa kwa neno la kuguna kama nguruwe. Hivyo wanadamu, wanaodai kupigana na Agano, wameichukua ngazi ya Agano kama ilivyo na kuitafsiri kwa lugha yao: aliyekuwa juu kabaki juu, na aliyekuwa chini kabaki chini. Mhakiki anayeandika Brutes katika makala yake bila kusita ameshachagua upande kabla ya kuanza kuhakiki.

Kufa kunakosifiwa na kukataa kunakolaaniwa

Sasa tuwatazame wale wanaoitwa wema. Katika mchezo uliotangulia, Halo Wars wa mwaka 2009, Sajini Forge anabaki nyuma kulipua mtambo wa meli ili wenzake wapone. Anakufa. Tukio hilo limetungwa kwa namna ya kumtoa msomaji machozi, na limefaulu. Mwanzoni kazi hiyo ya kufa ilikuwa iende kwa Jerome, askari wa Spartan, lakini Forge akaichukua kwa sababu Spartan wana thamani kubwa zaidi vitani. Hata hapa, katika kilele cha ushujaa, hesabu ya bei ya askari imefanywa, na Forge ameifanya mwenyewe, kwa hiari, dhidi ya uhai wake.

Nao hao Spartan ni akina nani? Katika hadithi pana ya Halo, ambayo riwaya ya Eric Nylund ya mwaka 2001, The Fall of Reach, imeieleza kwa kirefu, kizazi cha Jerome, Alice na Douglas kilikuwa cha watoto 75 walioibwa kutoka kwa wazazi wao wakiwa na umri wa miaka sita hivi. Mahali pao wazazi waliachiwa watoto wa kunakiliwa maabarani, waliougua na kufa. Walioibwa walifunzwa vita tangu utotoni, na baadaye miili yao ikapasuliwa na kugeuzwa. Wako waliokufa katika upasuaji huo na wako waliolemaa. Tena awali hawakuandaliwa kupigana na viumbe wa sayari nyingine. Waliandaliwa kuwazima wanadamu wenzao walioasi utawala wa Dunia.

Tuliweke jambo hili mbele ya macho yetu. Upande mmoja wamesimama askari watatu walioibwa utotoni na kufanywa silaha dhidi ya waasi. Upande wa pili amesimama askari mmoja aliyetumwa kufa pamoja na ukoo wake, akaasi. Pambano la mwanzo la Halo Wars 2 ni pambano la watu waliotendewa dhuluma zinazofanana. Tofauti yao kuu ni kwamba mmoja amekataa na watatu wametii. Mchezo unatuambia kwamba waliotii ndio mashujaa. Wala Jerome hapewi hata kauli moja ya kujiuliza kama huyo aliye mbele yake ni adui au ni kioo. Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lote, na hapa ndipo wahakiki wengi wanapopapita haraka wakielekea kwenye orodha ya sifa.

Umbo linalomsaliti

Wapo wahakiki wa upande mwingine ambao wanajiona wameshaliondoa tatizo. Hao humsifu Atriox kwa kuwa ni mhusika mduara, mwenye undani, asiyefanana na zimwi la ngano ambalo hula watu bila sababu. Kwao, kumpa mwovu historia ya kuonewa ni kumtendea haki. Nakubali kwamba Atriox si zimwi. Lakini nakataa kwamba undani peke yake ni haki. Hakimu anaweza kuyasikiliza maisha ya mshtakiwa kwa utulivu na bado akawa amekwisha kuiandika hukumu. La kuuliza ni hili: baada ya kukataa, Atriox ameruhusiwa kufanya nini?

Jibu limo katika umbo la mchezo. Katika masimulizi makuu mchezaji hawezi kuwa upande wake. Katika mapigano ya ushindani nje ya masimulizi, mchezaji anaweza kumchagua Atriox awe kamanda wake. Basi tumchague. Twapewa nini? Hatupewi uhuru alioupigania. Twapewa lile jicho la mwewe, ile kambi, ile mali, na wale askari wenye bei. Twawatuma Jiralhanae wafe na twawanunua wengine. Miongoni mwa vikosi vya Waliofukuzwa mna Unggoy ambao kazi yao ni kumkimbilia adui wakiwa na mabomu mikononi na kufa nayo. Mtu aliyeasi kwa sababu ndugu zake waligeuzwa kuni, sasa anatuma wadogo kuliko yeye wakawe kuni. Nasi ndio tunaobonyeza kitufe.

Mtetezi wa mchezo atasema kwamba ndivyo michezo ya mikakati ilivyo, kwamba bila askari watiifu hakuna mchezo. Kauli hiyo ni sahihi, nayo inaitia nguvu hoja yangu. Umbo hili la sanaa limejengwa juu ya nguzo moja, kwamba askari hakatai. Unapombonyeza huenda. Hakuna kitufe cha kuuliza kwa nini. Watunzi wakamweka katikati ya umbo hilo mhusika ambaye sifa yake kuu ni kwamba aliuliza, akakataa. Walikuwa na nafasi adimu ya kulifanya umbo lenyewe litikisike: vikosi vyake vingeweza kupungukiwa na imani naye anapowapoteza ovyo, au kumwacha, au kupigana kwa namna ambayo uhai wa kila mmoja una uzito. Hawakufanya hivyo. Askari wa Atriox hutii kama askari wa Cutter na kama askari wa Agano kabla yao. Kwa hiyo mchezo unasema, bila kutamka neno, kwamba uasi haubadilishi kitu isipokuwa jina la anayeamuru.

Nyongeza ya mchezo iliyotolewa Septemba 2017, Awakening the Nightmare, inaukamilisha usaliti huo. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza masimulizi yanamruhusu mchezaji kuwaongoza Waliofukuzwa, kupitia ndugu wawili wa Kijiralhanae, Pavium na Voridus. Na hadithi yao ni ipi? Atriox amewakataza kuyaingia mabaki ya mji mtakatifu wa Agano. Voridus anakaidi katazo hilo, na ukaidi wake unaifungulia njia Flood, janga la vimelea linalotishia kuwamaliza wote. Kazi ya mchezaji ni kulirekebisha kosa la mkaidi. Siku tulipokaribishwa hatimaye katika nyumba ya waasi, tulipokelewa na fundisho kwamba kukaidi amri ni maangamizi. Naye Atriox ameketishwa pale pale walipoketi manabii, anatoa makatazo na kuwakasirikia wanaoyavunja.

Pingamizi na jibu lake

Msomaji makini ataniuliza: je, unamtakasa muuaji? La. Atriox amewaua watu wa kituo cha Isabel, watu wasiomkosea lolote. Ni mporaji, na ukombozi wake umeishia kwa wale waliomfuata tu. Dhuluma aliyotendewa na Agano haimpi hati ya kuwadhulumu wengine. Lakini kuna tofauti kati ya kumhukumu mhusika kwa alilotenda na kumhukumu kwa kuwa alikataa kufa. Mchezo umeyafunga mambo haya mawili katika furushi moja, ili tukililaani la kwanza tuwe tumelilaani na la pili bila kujua. Kazi ya mhakiki ni kulifungua furushi.

Kwa msomaji wa Kenya kazi hiyo si mchezo wa maneno. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambamo Waafrika kwa makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, katika ugomvi wa wafalme wa Ulaya. Katika Vita vya Pili, Waruhiu Itote alipelekwa Burma kuupigania ufalme wa Uingereza. Aliporudi aliingia msituni na kujulikana kama Jenerali China. Aliyekuwa askari mwema alipokuwa akitii alikuwa gaidi alipokataa, na magazeti ya walowezi yaliwaeleza wenzake kwa lugha ya wanyama. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa rasmi mwaka 2003, miaka arubaini baada ya uhuru. Sidai kwamba Atriox ni Itote. Watunzi wa Halo Wars 2 hawakuwa wakituwazia sisi, na kumfananisha mporaji wa kubuni na wapigania ardhi ni kuwakosea heshima waliokufa kweli. Ninachodai ni kwamba msomaji aliyeijua historia hii hana udhuru wa kusikia hadithi ya askari aliyetumwa kufa akakataa, kisha akaandika: mhusika huyu ni katili.

Hitimisho

Masimulizi ya Halo Wars 2 hayamalizi kwa kumuua Atriox. Anaachwa hai katika Ark. Katika Halo Infinite, mchezo uliotolewa Desemba 2021, anatokea mwanzoni, anamshinda nguli mkuu wa mfululizo mzima na kumtupa angani, kisha anaondolewa jukwaani kwa sehemu kubwa ya hadithi, na nafasi yake inachukuliwa na Escharum. Watunzi wanamhitaji, lakini hawajui la kumfanyia. Hawawezi kumuua, kwa kuwa hadhira imempenda. Hawawezi kumpa haki, kwa kuwa wakimpa, maswali aliyoyauliza yatawafikia Spartan, na baada ya Spartan yatamfikia mchezaji mwenye kitufe.

Wahakiki wetu hawana dharura hiyo. Hakuna kampuni inayowazuia kumwuliza Jerome kwa nini anatii, wala kuhesabu Unggoy wangapi wamekufa katika pigano moja kwa amri ya mtu aliyekataa kufa. Wanafunzi wetu wanaoucheza mchezo huu usiku wanakuja asubuhi kutusikiliza tukieleza mhusika ni nini. Tukiwafundisha kuorodhesha sifa tu, watamtambua mwovu popote watakapoelekezwa na aliyeshika kalamu, na siku watakapoelekezwa kwa mtu wa kweli aliyekataa kutumwa, watamwita hayawani kwa Kiswahili fasaha na kwa ushahidi wa kurasa.